Ufito wa Akiba

Usiku wa kuamkia safari ya kuvua, baada ya kuweka tayari viatu vya mpira, koti la mvua, chupa ya chai na kijisanduku cha nzi wa bandia, hubaki jambo moja ambalo kwa zaidi ya miaka thelathini ya kwenda mitoni sijapata kulizoea. Husimama mbele ya kabati na kujiuliza: nichukue ufito mmoja wa kuvulia, au nichukue na wa pili wa akiba?

Msomaji asiyevua huenda akacheka. Dunia ina njaa, vita na magonjwa, na huyu mzee anapoteza usingizi kwa sababu ya kijiti. Ana haki ya kucheka. Lakini nimegundua kwamba maswali makubwa ya maisha hayatujii mara kwa mara, na yanapokuja huja kwa kishindo hata tusipate nafasi ya kufikiri. Maswali madogo huja kila juma, hukaa, hungoja. Mtu akitaka kujijua, na aanze na hayo.

Wahenga hawanisaidii. Mmoja ananiambia kwamba akiba haiozi. Mwingine ananionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wa tatu ananifariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; lakini hakueleza kama mhunzi yule aliendelea na kazi kwa koleo la akiba, au kwa koleo la jirani, au kwa mikono mitupu. Na swali langu liko hapo hasa.

Kwanza nieleze ufito wenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuushika. Kuna uvuvi wa chambo, ambao kila mtoto aliyekulia karibu na mto anaujua: ndoana, mnyoo, uzi, na tawi lolote lililonyooka. Tawi likivunjika, unakata jingine. Uvuvi wa nzi wa bandia ni tofauti. Nzi huyo ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwa mkono juu ya ndoana ndogo, na kwa miaka mingi mafundi wa Kenya wamekuwa wakiwafunga kwa ajili ya wavuvi wa Uingereza na Marekani, ambao wengi wao hawatauona mto hata mmoja wa kwetu. Nzi hana uzito wa kutosha kurushwa. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa uwe mzito kidogo, na kinachourusha ni kupinda na kunyooka kwa ufito. Ndiyo maana ufito ukivunjika huwezi kuingia msituni ukakata tawi. Uvuvi wa siku hiyo umekwisha, labda uwe na wa pili.

Nao huvunjika. Wageni wa mchezo huu hudhani kwamba samaki mkubwa ndiye anayevunja ufito. Hutokea, lakini kwa nadra. Wengi huvunjwa na mlango wa gari, na mguu wa mwenyewe aliyeulaza chini akasahau, na ndoana inayorudi kwa kasi na kugonga ncha, na jiwe lenye utelezi. Mafundi wa zamani, waliotengeneza fito kwa mianzi ya China iliyopasuliwa na kugundishwa vipande sita sita, walilijua jambo hilo. Walizoea kuuza ufito mmoja pamoja na ncha mbili, na mvuvi alishauriwa azitumie kwa zamu, ili zichakae sawasawa. Fito za siku hizi, za nyuzi za kaboni, kwa kawaida huuzwa na ncha moja tu. Nimeanza kuamini kwamba wazee wale walikuwa wamelifikiri swali hili kuliko sisi. Nitalirudia jambo hilo.

Samaki tunayemfuata ni trauti, naye si mwenyeji wa mito yetu. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, na mlowezi Ewart Grogan ndiye anayetajwa kuwapandikiza katika mto Gura, unaoteremka kutoka safu ya Nyandarua. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya Amerika ya Kaskazini inayoingia katika Bahari ya Pasifiki. Leo wako katika mito mingi ya baridi ya Nyandarua na ya Mlima Kenya: Thego, Burguret, Naro Moru, Thiba, Mathioya. Nataja haya si kwa ajili ya historia, bali ili msomaji aone wazi kwamba hakuna mtu atakayelala njaa nyumbani kwangu kwa sababu sikuleta trauti. Hii ni starehe, nayo ilikuja na wageni, kama mchezo wa gofu. Mvuvi wa Lamu anayekwenda nje ya mwamba bila kafi la pili anacheza na roho yake na roho za mabaharia wenzake; huyo hana swali la kujiuliza, na abebe. Vivyo hivyo dereva na gurudumu la akiba, na mgonjwa wa pumu na dawa yake. Penye haja, akiba ni wajibu. Swali langu linahusu mahali pasipo na haja, mahali ambapo hasara kubwa inayoweza kunipata ni kurudi nyumbani mapema. Je, hata hasara hiyo ndogo inafaa kukingwa?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa ndiyo, wala sikuona kwamba kuna swali. Nilikulia katika nyumba ambayo hakuna kitu kilichokuwa na cha pili. Taa ilikuwa moja. Chemni ikipasuka tulikaa gizani mpaka siku ya soko. Sare ya shule ilikuwa moja. Mama aliifua usiku na kuitundika karibu na mafiga, na asubuhi niliivaa ikinuka moshi. Nilipopata mshahara wa kwanza wa ualimu nilinunua mashati mawili yanayofanana, kalamu mbili zinazofanana, taa mbili. Mke wangu alipoingia katika nyumba ile aliuliza kama nilikuwa na pacha. Kwa hiyo nilipoanza kuvua, na nilipopata ufito mmoja mzuri, sikutulia mpaka nilipopata wa pili. Uzito haukuwa hoja, kwa maana ufito wenyewe hauzidi sana uzito wa yai la kuku, na bomba la kuuhifadhia si mzigo kwa mtu mzima. Nilikwenda mtoni na fito mbili kama vile watu wengine wanavyokwenda na miguu miwili.

Aliyenifanya nilione swali ni mwalimu mwenzangu wa hisabati, ambaye kwa miaka kumi na moja tulikuwa tukivua pamoja karibu kila likizo. Tuliitana Mwalimu, yeye akiniita mimi na mimi nikimwita yeye, hata wake zetu wakatuchoka. Yeye alikuwa na ufito mmoja. Si kwamba hakuweza kupata wa pili, hakuutaka. Kila tulipokutana kituoni alfajiri aliutazama mzigo wangu na kusema, "Mwalimu, wewe huendi kuvua, unahama."

Hoja yake ilikuwa hii. Mtu mwenye ufito mmoja hutembea kwa uangalifu. Huangalia anapokanyaga, huangalia tawi lililo nyuma yake kabla ya kurusha, hukagua maungio ya vipande kila saa. Ufito ule mmoja humfundisha. Mwenye wa pili hulegea, kwa kuwa moyoni mwake amekwisha kukubali kwamba wa kwanza unaweza kuvunjika. Tena mwenye viwili huwa na swali lisilokwisha: samaki wasipokula, hujiuliza kama ufito mwingine ungefaa zaidi, na badala ya kuutazama mto huutazama mkoba wake. "Mimi," alisema, "samaki wasipokula, najua kosa ni langu. Hiyo ni faida kubwa kwa mwalimu wa hisabati."

Nilimjibu kwa mafundisho niliyoyaokota hapa na pale. Nilimkumbusha kwamba Mtume wa Waislamu anasimuliwa kumwambia bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Yeye alinirudishia Diogenes wa Ugiriki, ambaye husimuliwa kwamba hakuwa na mali ila vitu vichache pamoja na kikombe, na siku moja alipomwona mtoto akinywa maji kwa kiganja alikitupa kikombe kile, akisema mtoto amemshinda kwa kuishi bila makuu. Nilimwuliza kama angependa kumkaribisha Diogenes nyumbani kwake kwa juma zima. Alicheka. Hayo yalikuwa mabishano ya kuvutia njia, na ninakiri kwamba sikuyachukulia kwa uzito. Kisha ikaja siku ya kuyajibu kwa vitendo.

Ilikuwa mwaka 1996, likizo ya Agosti, wakati ambapo ukungu wa Nyandarua hauondoki hata saa sita mchana. Tuliacha barabara, tukapita kati ya mashamba ya majani chai, tukaingia ukingo wa msitu na kuufuata mto Gura kuelekea juu kwa muda wa saa mbili. Gura ni mto wenye haraka. Maji yake hayana subira hata na mawe. Tulifika kwenye bwawa moja tulilolijua, yeye akatangulia. Hakuwa amerusha mara kumi alipokanyaga jiwe lenye ukoga. Alianguka kwa upande, akaweka mkono chini ili kujikinga, na ufito ulikuwa katika mkono ule. Nilisikia mlio wake kabla sijasikia wake yeye.

Aliinuka, suruali imelowa, akavitazama vipande viwili na ule uzi uliovishikanisha. Hakulaani. Akaniambia, "Kuvunjika kwa koleo, Mwalimu." Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi mezani, akauliza, "Una ule mwingine?"

Nikasema, "Ninao, lakini gurudumu lake la mshipi limekwama."

Halikuwa limekwama.

Nimeyapitia maneno yale mara nyingi nikitafuta yalikotoka. Sikuwa na kinyongo naye. Sikuwa mchoyo wa kawaida. Chapati zangu tulikuwa tukigawana tangu alfajiri, na kama angeniomba shati ningevua. Wala sikuwa nimepanga kusema uongo; ulitoka wenyewe, ukiwa umevaa vizuri, kana kwamba ulikuwa ukingoja zamu yake. Baada ya miaka mingi nadhani nimeelewa. Niliubeba ufito ule kwa sababu niliogopa kubaki bila ufito. Kama ningempa, kuanzia dakika ile na mimi ningekuwa mtu mwenye ufito mmoja, katika mto uleule wenye mawe yaleyale yenye utelezi ambayo yalikuwa yamemwangusha mbele ya macho yangu. Hofu iliyonifanya niubebe ndiyo iliyonizuia kuutoa, na haikuwezekana iwe vinginevyo. Aliyeweka akiba kwa hofu hawezi kuitoa siku ya haja, kwa kuwa siku ya haja ndiyo siku ambayo hofu huwa kubwa zaidi.

Mwenzangu aliyaamini maneno yangu. Alifunga vipande vyake kwa kamba, akachukua wavu wangu wa mkono, na siku nzima alitembea nyuma yangu kama msaidizi. Alinionyesha samaki ambao sikuwaona. Aliingia majini kunasua nzi wangu alipokwama. Nilipata trauti watatu, na jioni nikamlazimisha achukue wawili. Alishangaa kwa nini nilisisitiza vile.

Tulipofika kwenye gari, giza likianza, niliweka mkoba chini, na bomba la ufito likabiringika. Yeye aliliokota. Alikuwa fundi wa vitu vidogo. Saa za nusu ya walimu wa shule yetu zilipita mikononi mwake. Bila shaka alitaka kunisaidia. Alifungua mfuko, akalitoa gurudumu, akalizungusha. Likazunguka, likilia ule mlio wake mwepesi kama wa panzi. Akalizungusha tena, polepole, hadi mwisho. Kisha akalirudisha mfukoni, akafunga, akanipa.

"Naona limepona," alisema.

Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Tuliendelea kuvua pamoja kwa miaka mingine. Alinunua ufito mwingine, mmoja. Alifariki mwaka 2004, na mimi sikuwa nimemwomba radhi. Kila nilipotaka kuanza niliona kwamba yeye alikuwa amekwisha kunisamehe, na kwamba kulitaja jambo lile kungekuwa ni kumlazimisha anisamehe mara ya pili, safari hii mbele ya macho yangu. Hiyo nayo ilikuwa hoja ya mwoga, lakini iliniridhisha.

Wakati ule nilijitetea moyoni kwa kisa ambacho kila Mkristo anakijua, cha wanawali kumi katika Injili ya Mathayo. Watano walibeba mafuta ya akiba, watano hawakubeba. Bwana arusi alipochelewa, wasiobeba waliomba wagawiwe, na wenye mafuta walikataa. Na kisa kinawaita hao waliokataa wenye busara. Nilikishika kisa kile kama mtu anayeshika mzizi mtoni. Lakini nilipokisoma tena kwa utulivu niliona hakinishiki. Wanawali wale walihofia kwamba mafuta hayatawatosha wote, na taa zote kumi zizimike. Mimi ufito wangu wa kwanza ulikuwa mkononi, mzima. Kugawa kwangu kusingezima taa yoyote. Kungewasha ya pili. Nilichokuwa nikilinda hakikuwa taa. Nililinda mafuta ya akiba yasitumike.

Kisa kilichonishika ni kingine, tena kifupi. Injili ya Luka inaeleza jinsi wanafunzi kumi na wawili walivyotumwa vijijini bila fimbo, bila mkoba, bila chakula, bila fedha, na bila kanzu ya pili. Marko anawaruhusu fimbo, lakini kanzu ya pili naye anaikataza. Nilipokuwa kijana niliwaona watu wale kama mashujaa wa kujitegemea. Sasa nasoma mstari unaofuata, naona kwamba waliambiwa waingie katika nyumba za watu na kukaa humo. Hawakuwa wakijitegemea hata kidogo. Kanzu yao ya pili ilikuwa katika sanduku la mwenyeji. Mtu anayekwenda bila akiba anakwenda akiwa ameweka akiba yake kwa wenzake, na anachowaambia bila kutamka ni kwamba anawaamini.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya ufito mmoja wa mwenzangu. Ningeweza kumlaumu, na kwa kweli nilimlaumu siku ile moyoni: alifurahia wepesi wake, aliucheka mzigo wangu alfajiri, na saa nne akauhitaji. Kuna ukweli kidogo katika lawama hiyo. Wako watu wanaotembea mikono mitupu kwa sababu wamezoea kubebewa, na wanaokasirika wasipobebewa. Lakini yeye hakuwa hivyo. Aliuliza mara moja. Alipojibiwa hapana, alikubali, akatumikia siku ya mwenzake kwa moyo mweupe. Aliyekuwa tayari kukosa alikuwa na haki ya kwenda bila akiba. Na kwa muda wa miaka yote ile, bila mimi kujua, mimi ndiye niliyekuwa ufito wake wa akiba. Siku ya kutumika, nilisema nimekwama.

Basi nikajiwekea utaratibu, nao ndio ninaotaka kumpa msomaji, si kama sheria bali kama mahali pa kuanzia kufikiri. Nikienda mtoni peke yangu, nachukua ufito mmoja. Nikienda na mtu, nachukua fito mbili.

Watu niliowaeleza huniambia nimegeuza mambo juu chini. Aliye peke yake, husema, ndiye asiye na wa kumwazima. Yeye ndiye anayehitaji wa pili. Wangekuwa sahihi kama swali lingekuwa ni jinsi ya kuhakikisha kwamba ninavua. Lakini nikiwa peke yangu na ufito ukavunjika, aliyepata hasara ni mmoja, na hasara yenyewe ni ndogo kuliko inavyoonekana usiku mbele ya kabati. Najua kwa kuwa imenipata. Miaka michache iliyopita, katika mto Thego, nilifunga mlango wa gari nikiwa bado nimeushika ufito, hata kabla sijaona maji. Nilikasirika kwa dakika kumi. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kufika, niliteremka mtoni mikono mitupu, nikakaa juu ya jiwe kubwa ambalo nilikuwa nimelipita kwa miaka mingi. Baada ya nusu saa, chini yake, katika kivuli cha upana wa ungo, niliwaona trauti wawili wakisimama dhidi ya mkondo, wakisogea kiganja kimoja kushoto, kiganja kimoja kulia. Muda wote ule nilikuwa nikisimama juu ya vichwa vyao ili niwarushie ndugu zao walio mbali. Ufito wa pili ungeninyima somo lile.

Nikiwa na mwenzangu, mambo hubadilika. Nikivunja wangu, namwachia kazi ya kunionea huruma, na huenda akanipa wake, akakaa chini kutwa. Akivunja wake, nina cha kumpa. Kwa hiyo wa pili si wangu. Ni wa safari. Na kwa kuwa najijua, siuachi ndani ya bomba. Tukifika mtoni nauunga vipande vyote, naufunga mshipi na nzi, na kuuegemeza mtini mahali ambapo kila mtu anauona. Ufito uliofichwa mkobani una wakili wa kuutetea. Ulio mtini hauna. Kama hakuna uliovunjika, tunautumia kwa zamu, kama zile ncha mbili za mafundi wa mianzi, na mara nyingine mchungaji wa ng'ombe anayepita hujaribu kurusha, akamchapa rafiki yake sikioni kwa mshipi, tukacheka sote. Akiba inayotumika haimtii mtu woga, kwa sababu amezoea kuiona mikononi mwa wengine.

Sidai kwamba hofu yangu imekwisha. Mashati yangu mpaka leo hununuliwa mawili mawili. Mtoto aliyevaa sare yenye moshi bado yumo ndani yangu, na sioni sababu ya kumfukuza. Alikuwa na haki ya kuogopa. Ila nimemweleza kwamba cha pili kipo kwa ajili ya yule ambaye chake kimevunjika, awe ni yeye au ni mwingine, na kwamba hatujui mapema atakuwa nani. Akikubali hilo, abebe. Akikataa, ni heri akiache nyumbani, maana atakibeba kutwa nzima na jioni kitamshuhudia.

Kesho nakwenda Gura. Nakwenda na mtoto wa marehemu mwenzangu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza, naye amenipigia simu jioni hii kuniambia kwamba ana ufito mmoja tu, ule wa baba yake, na kwamba haoni haja ya kuhangaika na mwingine. Nilicheka, akaniuliza ninacheka nini. Nimemwahidi kumweleza njiani, na safari hii nitamweleza kweli.

Fito mbili ziko juu ya meza. Nimelitoa gurudumu la ule wa pili, nikalitia tone la mafuta, nikalizungusha mpaka mwisho. Linazunguka vizuri.